Vijana wa Mashono, Mpimeni Mwenye Kuvaa

Wako watu wazima wenzangu ambao wakisikia mtoto wa fulani amekwenda kusomea mashono na mitindo ya nguo hukunja uso na kusema, "Huyo kakosa la kusoma." Kwao wao elimu ni udaktari, uanasheria na uhandisi, na kwa aliyejaaliwa, elimu ya dini. Nguo ni kazi ya fundi aliyekaa barazani na cherehani yake, na mitindo ni mchezo wa matajiri wasiojua la kufanya na fedha zao.

Leo nataka kusimama upande wa kijana huyo, lakini si bila ya masharti. Kwani ndani ya hilo jina moja la mitindo mna kazi mbili mbalimbali. Moja yastahiki heshima yetu na fedha zetu, na ya pili yastahiki fagio. Ubaya ni kwamba zote mbili siku hizi huja zimevaa maneno mamoja: kulinda mazingira, kutetea wanyonge, kuamsha jamii. Asiyetazama vizuri atazipigia makofi zote, au atazitupa zote pamoja, na yote mawili ni makosa.

Kwanza niseme kwamba nguo si jambo dogo. Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni twajua kuwa katika Sura ya Al-Aaraf mwanaadamu anakumbushwa kwamba vazi ni neema aliyoteremshiwa, la kumsitiri na la kumpamba, na katika sura hiyo hiyo anakatazwa israfu. Basi mizani mitatu tunayo tangu utoto wetu: sitara, pambo, na kutofuja. Ukiitazama biashara ya nguo ya ulimwengu wa leo kwa mizani hiyo, utaona imepotoka katika yote.

Nani hajaitazama Kongowea? Marobota yafunguliwa alfajiri, watu wayavamia, na ifikapo jioni yabaki chini yale yasiyotakiwa hata kwa bei ya maji: yaliyochanika, yenye madoa, yaliyofumwa kwa nyuzi za plastiki ambazo haziozi wala hazifai hata kuwa dekio. Mwaka 2019 Kenya iliingiza mitumba ipatayo tani 185,000. Siwalaumu wauzaji, kwani wengi wao ni mama zetu wanaosomesha watoto kwa marobota hayo. Wala siwalaumu wanunuzi, maana mwenye mshahara mdogo hana la kuchagua. Lakini kila robota lina sehemu yake ya takataka, na takataka hiyo tumeinunua kwa fedha yetu na sasa twatafuta mahali pa kuitupa. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukafurahi. Plastiki iliyofumwa ikawa shati, hiyo bado yaingia kwa mlango wa mbele.

Na si takataka tu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaambiwa warudi kazini. Shati la bei rahisi lina mtu aliyelilipia, na mara nyingi si yule aliyelinunua.

Basi kijana anayesomea nguo leo hasomei upuuzi. Anasomea jambo linalogusa bahari, jaa, mshahara wa mshoni, na heshima ya mwenye kuvaa. Suali ni anaisomaje.

Nitatoa mfano wa mwanafunzi mmoja wa Marekani, kwa kuwa kisa chake chafundisha kuliko hotuba kumi. Veronika Scott alikuwa akisomea ubunifu katika chuo cha College for Creative Studies, mjini Detroit, mwaka 2010, alipopewa yeye na wenzake kazi ya darasani: wabuni kitu kitakachokidhi haja ya kweli ya watu. Detroit ni mji uliokuwa mashuhuri kwa viwanda vya motokaa, kisha viwanda vikapungua na watu wengi wakakosa kazi na makao. Baridi yake huua. Binti huyu akaenda kwenye nyumba moja ya hifadhi ya wasio na makao, akarudi tena na tena kwa miezi, akawasikiliza, akachora koti la kuvaliwa mchana ambalo usiku hugeuka kuwa mfuko wa kulalia.

Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya mwanafunzi mwema, na laiti ingelikomea hapo nisingeiandika. Lakini siku moja mwanamke mmoja katika wale wasio na makao alimjia juu kwa hasira. Akamwambia kwamba makoti hayo hayana maana kwao, kwamba wao hawataki makoti, wanataka kazi.

Msomaji, hebu fikiri. Mwanafunzi ameshapata sifa kwa mwalimu, ameshona kwa mkono wake, ametoa jasho, na yule aliyemshonea amwambia hana haja nalo. Wengi wetu tungenuna na kusema maskini hana shukrani. Yeye alilichukua neno lile akaenda nalo. Alipoanzisha shirika lake, The Empowerment Plan, aliwaajiri wanawake waliokuwa wakiishi katika nyumba za hifadhi, wengi wao wakiwa na watoto wa kuwalea peke yao, wakafundishwa kushona, wakalipwa mshahara, na hao ndio wakawa wenye kuyashona makoti. Tangu hapo makumi ya maelfu ya makoti yametoka mikononi mwao. Hata pamba ya ndani haikuwa pamba: kampuni ya motokaa iliwapa mabaki ya kile kitambaa kizito kinachozuia kelele ndani ya gari, kitu ambacho kingelitupwa, nacho kikawa joto la mtu anayelala nje.

Koti lile lilikuwa zuri tangu mwanzo. Lakini lilikamilika siku lilipolisha. Hapo sitara ilikutana na riziki, na israfu ya kiwanda ikapungua. Na yote hayo yalitokana na neno la mtu mmoja mwenye hasira ambaye mwanafunzi alikubali kumsikiliza.

Wako wengine. Ryan Yasin alikuwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London, naye kabla ya hapo alikuwa amesomea uhandisi wa ndege. Alimnunulia nguo mtoto wa nduguye aliyekuwa Denmark, nazo zilipofika mtoto alikwisha zipita. Akatumia elimu yake ya ndege kufuma vazi lenye marinda madogo madogo linalotanuka kila mtoto anapokua, ili lisitupwe baada ya miezi mitatu. Mwaka 2017 alipata tuzo ya James Dyson kwa upande wa Uingereza. Mama zetu watacheka wakisikia habari hii, na wana haki ya kucheka. Ni nani kati yetu ambaye hakushonewa nguo ya Idi yenye upindo mpana, na marinda ya kufumuliwa mwakani? Elimu ile ile, ila huyu ameipeleka mbele na kuipa jina lake. Sisi yetu tumeiwacha ife na vyerehani vya bibi zetu.

Na yuko Lucy Hughes wa Chuo Kikuu cha Sussex, aliyepata tuzo hiyo hiyo kwa ulimwengu mzima mwaka 2019. Yeye alichukua ngozi na magamba ya samaki yanayotupwa na viwanda, akayaunganisha kwa ute wa mwani mwekundu, akapata karatasi nyororo kama plastiki ambayo huoza kwa wiki nne hadi sita hata ukiizika uani. Samaki na mwani! Nani mwenye samaki na mwani kama sisi? Kule Kibuyuni, jimbo la Kwale, wanawake wanalima mwani wa ukoo huo huo mwekundu, wanaukausha, wanauuza kwa kilo, na thamani yake kubwa huonekana ng'ambo. Magamba ya samaki huliwa na paka wa marikiti.

Sasa nije kwenye ile kazi ya pili, ile ya fagio.

Nimehudhuria maonyesho kadhaa ya wanafunzi wa mashono hapa pwani na kule Nairobi. Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, mwanafunzi alipanda jukwaani na gauni lililoshonwa kwa mifuko, magazeti na vifuniko vya chupa. Taa ziliwaka, ngoma ikalia, mshereheshaji akatangaza kwamba gauni hilo linapiga vita uchafuzi wa bahari. Watu wakapiga makofi. Gauni lenyewe lilikuwa halikaliki wala haliinamiki. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya kopo, kiasi kwamba vile vitu ambavyo kabla yake vingeweza kuokotwa na kuuzwa kwa kilo, sasa haviwezi kutenganishwa tena. Usiku ule ule lilikuwa nyuma ya jukwaa, limevunjika, likingoja gari la taka. Bahari haikupungukiwa na uchafu. Iliongezewa gauni.

Simlaumu yule mwanafunzi, kwani yeye alifanya alivyofunzwa. Nawalaumu waliompa alama. Walimuuliza gauni lake linasema nini, wasimuulize nani atalivaa. Na nguo isiyo na mvaaji ni bango. Kama ni bango tu, basi karatasi na wino vingetosha.

Watu wa kale walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kazi ya mwanafunzi ipimwe kwa maji hayo. Ifuliwe, ianikwe, ivaliwe na mama mwenye mtoto mgongoni, ipandwe nayo matatu, kisha tuone.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha wenzangu kwamba sisi hatukuzaliwa jana katika mambo haya. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika habari za nguo zilizokuwa zikifumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Wareno waliifahamu hariri ya Pate. Na leso yenyewe, yasimuliwa kwamba asili yake ni wanawake wa pwani waliochukua vitambaa vya mkononi, wakavishona pamoja sita sita wakapata nguo ya kujifunga. Hakuna aliyewachorea. Walijipima wenyewe. Baadaye wafanya biashara wakafuata, kama marehemu Kaderdina Hajee Essak ambaye duka lake lilianza Mombasa mwaka 1887, na leso zake za "Mali ya Abdulla" zikajulikana mwambao mzima. Kisha yakaja majina, yale maneno ya pindoni, na nguo ikawa yasema: yashukuru, yaonya, yajibu mafumbo ya jirani. Wanafunzi wa London wanatafuta vazi litakaloeleza shida za jamii. Sisi tumekuwa tukilifunga kiunoni kwa miaka mia na zaidi.

Tena tazama Lamu. Mwaka 2018 jahazi la Flipflopi lilishushwa majini, limeundwa kwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini na kuvikwa vipande vya ndara za mpira zipatazo 30,000. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda, mtu wa Lamu mwenye ufundi wa kuunda vyombo vya mbao. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mimi nalisifu si kwa sababu ya rangi zake, bali kwa sababu lilielea. Lingelikuwa la kutazamwa tu, lingelitosha kuwekwa kando ya barabara. Fundi alilipima kwa bahari, na bahari haipigi makofi ya bure.

Basi nina maneno kwa walimu wa vyuo vyetu, vya Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu, vinavyofundisha ushoni na ubunifu. Wapeni wanafunzi haja za hapa, msiwape mada za magazeti ya ng'ambo. Haja hazikosekani, na nitazitaja chache.

Wale wanawake wa Kibuyuni wanasimama ndani ya maji ya chumvi saa nyingi, jua la utosi likiwapiga, leso zimelowa na kuwaelemea miguuni. Ni nani aliyewahi kuwashonea vazi la kazi, lenye sitara wanayoitaka, lisilonywa maji, lisiloburura, na ambalo hawataona haya kupita nalo kijijini? Mwanafunzi atakayekaa nao mwezi mmoja akalipata vazi hilo, huyo nitampa shahada mimi mwenyewe kama chuo hakimpi.

Dada zetu wanapanda bodaboda kila siku, na nani asiyejua jinsi pindo la buibui au ncha ya mtandio inavyoweza kunaswa na gurudumu? Watu wameumia kwa jambo hili. Twasema ni ajali, twamwombea aliyeumia, kisha basi. Mbona hatujaliona kuwa ni suali la mshono? Kifungo mahali pake, mkunjo mahali pake, na buibui ni lile lile na heshima ni ile ile, ila mvaaji amefika nyumbani salama.

Wako vijana wetu wenye ulemavu wanaokaa katika viti vya magurudumu, na kanzu tunazowashonea ni zile zile zilizokatwa kwa mtu asimamaye. Mtu akae juu ya kitambaa kilichojikusanya mgongoni tangu Ijumaa asubuhi mpaka sala iishe, na sisi twamwambia amependeza.

Na hayo mabaki ya Kongowea yanangoja mtu mwenye akili. Yawezekana kuchambuliwa, ya pamba yakawa haya na ya plastiki yakawa yale, godoro, busati, mkoba wa shule. Lakini mwanafunzi asiyapeleke moja kwa moja jukwaani. Ayapeleke kwanza kwa mama muuza mitumba, amuulize ni yapi hayauziki, na atalipwa nini yule atakayeyachambua.

Hapo kwenye malipo nakazia, kwani ndipo kisa cha Detroit kilipotufikisha. Fundi wetu wa barazani amekuwa akikaa bila kazi tangu nguo zilizoshonwa tayari na mitumba zilipojaa, amebaki kutia viraka na kupunguza suruali. Mchoro wa mwanafunzi ukimpita huyu ukaenda kushonwa mbali, basi tumelinda mazingira kwa mdomo na kumuua jirani kwa njaa. Mchanganyeni mwanafunzi na fundi. Mmoja ana elimu ya karatasi, mwengine ana mkono wa miaka thelathini. Na nchi haikosi nyuzi: Lamu inalima pamba, na kule Eldoret kiwanda cha Rivatex, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kilifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kutiwa mitambo mipya. Pamba yetu na kitambaa chetu viende kwenye mkono wa fundi wetu, kwani cha kuazima hakisitiri matako.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto akisema anataka kusomea nguo, msimcheke, na wala msimwache akaenda tu. Muulizeni: utamshonea nani? Akijibu kwamba atamshonea mtu fulani mwenye haja fulani, mpeni nauli na dua. Akisema atashona ili aonekane, mwambieni arudi barazani kwanza akae na fundi mwaka mmoja, ajifunze kushika futi ya utepe na kunyamaza mteja anapoeleza anavyotaka. Hiyo ndiyo elimu ya kwanza ya ushoni, na madaktari na mawakili wengi wangefaidika nayo pia.

Na kwa vijana wenyewe, nawaachia ubeti huu mmoja, muubandike juu ya cherehani:

Vazi kwanza ni sitara, tena ndipo huwa pambo,
Na fundi mwenye busara, huuliza kwanza jambo,
Asouliza hasara, hushona vya kwenda kombo,
Vijana shikeni dira, mpimeni mwenye umbo.